Msituuzie kaka na dada kama bata wa mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme la bata, maana kuku wameshasemewa vya kutosha, kila wiki ni kuku tu, mara chanjo ya kideri mara broila mara chotara, bata hana msemaji. Na sisi tunaofuga bata huku Pwani tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, sema tu hatuna chama na semina hatualikwi.

Kinachonisukuma niandike ni hii biashara ya "seti". Mtu anatangaza seti ya bata wa mbegu, dume moja na majike manne, picha nzuri, bata wametakata, unalipa unaletewa kwenye tenga mpaka stendi. Ukimuuliza hawa wametoka wapi anakujibu kwa kujiamini kabisa kwamba wote kawatotolesha yeye mwenyewe, mama mmoja baba mmoja, yaani anaitoa hiyo kama sifa! Sasa mama mmoja baba mmoja maana yake umeuziwa kaka na dada zake wanne. Wewe unawafungia banda moja wanazaana, mwakani na wewe unauza seti zako, aliyenunua kwako naye hivyohivyo, halafu baada ya miaka mitatu minne ndo vilio vinaanza, mayai hayatotoi, vifaranga wanatoka wamepinda shingo, mwingine mkia umekwenda upande, mwingine mgongo una nundu, mwingine mdomo wa juu na wa chini haukutani hata punje hawezi kuokota. Hapo utasikia mtu anasema banda langu limechezewa, kuna jirani ana kijicho. Ndugu yangu hakuna aliyekuchezea. Mwana hutazama kichogo cha nina, na hawa wametazama kichogo kimoja vizazi vitatu mfululizo.

Niseme kwa hesabu maana wengine bila namba hawaamini. Ukipandisha kaka na dada yake, kifaranga anayezaliwa, robo ya vinasaba vyake, yaani asilimia 25, nakala zote mbili, ya upande wa baba na ya upande wa mama, zimetoka kwa mzazi yuleyule wa nyuma, zimejirudia. Baba na binti yake ni hiyohiyo 25. Waliochangia baba tu, mama tofauti, ni 12.5. Kujirudia kwenyewe siyo ugonjwa, ila kasoro nyingi za kurithi zimejificha, hazionekani mpaka nakala mbili mbovu zikutane kwa kifaranga mmoja, na kwa wasio ndugu hazikutani mara kwa mara ila kwa ndugu zinakutana kirahisi sana. Ni kama deni la babu ambalo watoto hawakuwahi kulisikia, wajukuu wakioana wao kwa wao ndo mdai anabisha hodi.

Na kuna hesabu nyingine wataalam wa uzalishaji wanaitumia ambayo natamani kila mfugaji aijue. Unachukua idadi ya madume unazidisha na idadi ya majike unazidisha na 4, halafu unagawa kwa jumla ya bata wote wanaozaa. Mwenye dume moja na majike 10 atapata 40 gawanya kwa 11, haifiki hata 4. Yaani banda lina bata 11 lakini kwa upande wa damu ni sawa na kuwa na bata wanne tu. Mwenye madume 3 na majike 15 anapata 10. Ona tofauti, ongeza madume wawili tu mambo yanabadilika kabisa, kuongeza majike kwa dume lilelile hakusaidii kitu. Kwa hiyo anayejisifu ana majike 30 na dume moja linalotamba uani, huyo naye hafiki hata 4, na hapo sijasema kwamba dume moja kwa majike wengi namna hiyo hata mayai mengi yatakuwa hayana mbegu, dume moja kwa majike wanne au watano inatosha.

Huku kwetu tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu ya namna bata walivyofika vijijini. Bata wetu wengi ni wale wenye nyama nyekundu usoni, dume halipigi kelele linafoka tu, na ni kubwa karibu mara mbili ya jike. Asili yao ni Amerika ya Kusini na hawana undugu wa karibu na wale weupe wa Pekin ambao wametokana na bata mwitu wa huko kaskazini mwa dunia. Kijijini unakuta mtu mmoja alileta jozi moja toka mjini kwenye tenga miaka hiyo, kila aliyetaka bata akapewa kwake, wengine kwa kununua wengine kwa kubadilishana na kuku, mwishowe kijiji kizima ni ukoo mmoja. Halafu tunaazimana madume. Dume kubwa la fulani linasifiwa, linazunguka nyumba hata nyumba, na likiwa na kasoro limeigawa mtaa mzima. Mtaani kwetu lilikuwepo moja, mwili kama jiwe, ila bawa la kushoto limegeukia nje, manyoya yamechomoza ubavuni kama visu, na kila aliyeliona alisema hilo bawa si kitu, tunachotaka sisi ni mwili. Vifaranga wa bawa la namna ile tukaanza kuwaona kwenye nyumba zisizo na uhusiano wowote zaidi ya kwamba dume lile lilipita hapo.

Hapo kwenye bawa nisimame kidogo maana ndipo watu wanapobishana sana. Bawa kugeukia nje mara nyingi linatokana na chakula, kifaranga akilishwa kitu chenye nguvu na protini nyingi kupita kiasi anakua haraka, manyoya makubwa yanajaa damu yanakuwa mazito kabla kifundo cha bawa hakijakomaa, uzito unalivuta bawa linajipindua. Ukiwahi mapema kabisa, ukalikunja bawa vizuri ukalifunga kwa plasta laini siku chache na ukapunguza ukali wa chakula, linarudi. Akishakuwa mkubwa halirudi tena. Lakini wapo pia bata wa ukoo fulani wanaolipata kirahisi kuliko wengine japo chakula ni kilekile, kwa hiyo damu nayo imo. Msimamo wangu ni kwamba bata wa namna hii alelewe vizuri, aliwe, wala nyama yake haina shida yoyote, ila asiwe dume la mbegu hata awe na kilo ngapi. Huwezi kumfungua ukaona ni chakula au ni damu, na hasara ya kumfanya dume la mbegu kumbe ilikuwa damu ni kubwa mno.

Miguu nayo hivyohivyo ila hapa naomba tuwe waangalifu tusichinje wasio na hatia. Kifaranga wa bata anahitaji naiasini, ile vitamini B3, kama miligramu 55 kwenye kila kilo ya chakula wakati wa kuku kama 35 zinamtosha. Sasa sisi tunawapa chakula cha vifaranga wa kuku, au mbaya zaidi pumba za mahindi peke yake, na naiasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa, mwili hauipati, ndo maana hata binadamu anayekula mahindi matupu bila kitu kingine anaugua. Kifaranga anaanza kuchechemea, magoti yanavimba, miguu inapinda kama upinde, anakaa chini anatambaa kwa mabawa. Mtu anaangalia anasema kilema hiki, ukoo mbaya, anatupa wote. Siyo ukoo! Mpe dagaa waliosagwa, mashudu ya karanga, vitamini za kundi B za kuchanganya kwenye maji, na uwahi, wengi wanainuka. Na wale waliotawanya miguu pande mbili kama wamepasuka msamba, angalia kwanza umetandika nini, nailoni au magazeti yanateleza na kifaranga hana pa kushika, weka maranda au nyasi kavu.

Vidole kujikunja pia inaweza kuwa upungufu wa vitamini B2, inaweza kuwa joto la mashine lilipanda, inaweza kuwa kurithi. Unajuaje? Mimi naangalia hivi. Wakiumwa wengi kwa mpigo, wa mama tofauti tofauti, wanaokula chakula kimoja, hapo namshuku mpishi kabla ya baba, yaani chakula au mashine. Akitoka mmoja mmoja, kila mtotoleo, na kila ukifuatilia ni yai la jike lilelile na dume lilelile, na chakula umeshabadilisha, hiyo ni damu. Mgongo wa nundu na mkia wa kwenda upande mi siulizi sana, hao nawatoa moja kwa moja kwenye mbegu. Lakini yote haya yanataka uwe na kumbukumbu, daftari hata la shule la mtoto, na alama kwenye bata, pete za plastiki mguuni au kutoboa kitundu kidogo kwenye utando wa mguu siku anayototolewa, mguu wa kulia kwa mama huyu, wa kushoto kwa mama yule, kitundu kinabaki mpaka anazeeka. Bila alama bata wote weusi na weupe wanafanana, utamtambuaje mtoto wa nani.

Na jambo ambalo karibu kila mtu analikosea ni hawa ndugu wazima. Wazazi wawili wazima wakitoa kifaranga mwenye kasoro ya kurithi iliyojificha, maana yake wote wawili wameibeba. Katika watoto wao kwa wastani mmoja kati ya wanne anatoka na kasoro, na kati ya wale watatu wanaoonekana wazima kabisa, wawili wameibeba na wao. Sasa mfugaji anafanya nini, anachinja yule mmoja aliyepinda na hao watatu wazuri anawauza kama mbegu, tena kwa moyo safi kabisa, kumbe ameuza tatizo lenyewe limevaa nguo nzuri. Kinachotakiwa ni kuwatenganisha wazazi, dume usilirudishe kwa jike lile wala kwa binti zake, na hao watoto wazima wote waende kwenye nyama au mayai ya kula. Inauma, najua, bata dume mzima aliyejaa ni hela ya ada, lakini ukimuuza kama nyama bado ni hela.

Sasa nije kwa hawa wa kishungi. Siku hizi bata wa mapambo wameingia mjini, mtu akijenga nyumba anataka na bwawa dogo na bata wazuri, na kati yao wapo wenye kishada cha manyoya kichwani kama mpira wa sufi, bei yake ni ya juu na watu wanagombania. Nawaomba wafugaji wenzangu wajue wanachonunua. Kishungi kile siyo sawa na cha kuku wetu wa kienyeji, jeni, yaani kinasaba, ya kuku ni nyingine na haiui kifaranga ndani ya yai, na siyo sawa na zile nywele ambazo bata wetu wa kawaida anazisimamisha kichwani akikasirika, zile ni maumbile yake tu. Kile kishada cha hao bata wa mapambo kimekaa juu ya uvimbe wa mafuta, na chini yake fuvu mara nyingi halijafunga sawasawa, na kwa baadhi yao mafuta yapo hadi ndani ya fuvu penye ubongo. Ndo maana utamuona anayumba, anatetemeka kichwa, akianguka chali anapiga miguu hewani hawezi kugeuka mwenyewe, na asiposaidiwa anafia hapohapo.

Na urithi wake uko hivi, nakala moja ya jeni inatosha kuleta kishungi, nakala mbili kifaranga anakufa kwenye yai. Kwa hiyo ukipandisha kishungi kwa kishungi, kwenye mayai 100 yenye mbegu, kwa wastani 25 yanafia ndani, 50 wanatoka na kishungi, 25 wanatoka kichwa kitupu. Mfugaji asiyejua analaumu mashine, anamlaumu kijana aliyegeuza mayai, analaumu umeme. Na anayekuambia nina ukoo safi wa kishungi, kwangu wote wanatoka nacho, anakudanganya au yeye mwenyewe hajui, haiwezekani, kila bata wa kishungi aliye hai ana nakala moja tu na nyingine ni ya kawaida. Kama mtu ameng'ang'ania kuwa nao basi ampandishe wa kishungi na asiye na kishungi, nusu watatoka nacho nusu hawatakuwa nacho na hakuna wa kufa kwa sababu ya nakala mbili.

Wenzetu Ujerumani wamelifuatilia hili kwa karibu, watafiti wa chuo kikuu cha Düsseldorf waliwachunguza bata hawa ubongo, na kukawa na kipimo rahisi ambacho hata mimi na wewe tunaweza kukifanya uani, unamlaza bata chali taratibu sehemu laini unaona anachukua muda gani kujigeuza, anayeshindwa au anayehangaika sana haingii kwenye mbegu. Na sheria yao ya ulinzi wa wanyama, kifungu cha 11b, inakataza kuzalisha wanyama ambao unajua watoto wao watateseka kwa sababu ya umbo ulilolichagua wewe. Sisemi tunakili sheria za watu. Nasema kipimo hicho hakina gharama na kila anayeuza bata wa kishungi kwa bei ile angeweza kumfanyia mnunuzi mbele yake.

Mi kwa kweli naona uchungu. Bata hakuomba kishungi, sisi ndo tumekipenda. Kifaranga anayefia kwenye yai siku ya mwisho akijaribu kutoboa ganda, au aliyetoka akakaa wiki nzima anazunguka sehemu moja kama anatafuta kitu, huyo ni matokeo ya mtu aliyekaa akaamua fulani apande fulani. Ng'ombe wa maziwa tunauliza dume la chupa, yaani mbegu ya kupandikiza, limetoka kituo gani, mbuzi tunauliza, bata tunaangalia rangi na uzito tunafunga mjadala.

Kuna na lingine dogo nilipitie haraka. Wapo wanaouza chotara wa bata wetu na Pekin kama mbegu. Yule chotara anakua vizuri na ana nyama nyingi lakini ni mgumba, hazai, ni maumbile, siyo kasoro ya ukoo na hakuna dawa. Mayai ya wetu yanakaa siku 35 mpaka kutotoa, ya Pekin 28, ni jamii mbili tofauti. Nimesikia watu wamenunua hao wakakaa mwaka mzima wanasubiri vifaranga, wengine wakapeleka majike kwa mtaalam wa kienyeji. Muuzaji alijua. Huo kwangu ni wizi kama wizi mwingine.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu kwa wauzaji ni kwamba dume la kwenye seti litoke kwa mama mwingine na baba mwingine, ikiwezekana kijiji kingine, na mnunuzi aambiwe kwa mdomo au kwa karatasi. Kama wote ni wa mtotoleo mmoja, uza majike peke yake na umwambie mtu akatafute dume kwingine, wala hutapoteza mteja, atarudi kwako kwa sababu vifaranga wake watatoka wazima. Na maafisa mifugo wetu wa kata, najua wana kazi nyingi na pikipiki hazina mafuta, lakini wanapokuja kwa ajili ya kuku wachungulie na banda la bata, waulize tu dume hili limetoka wapi, hilo swali moja lingeokoa wengi. Wewe Mhariri nakuomba kwenye ule ukurasa wa mifugo utenge siku moja ya bata, umwite mtaalam wa uzalishaji wa wanyama, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro wapo, aeleze kwa lugha yetu namna ya kuzungusha madume baina ya wafugaji watatu wanne ili kila mwaka kila mmoja apate damu mpya bila kununua, dume la kwangu liende kwa wa pili, la wa pili kwa wa tatu, la wa tatu lije kwangu, na mabinti wabaki walipo.

Kwa kuanzia, mimi nina madume ya msimu huu, meusi yenye bawa jeupe, mama zao nawajua na baba yao sina tena bandani. Mwenye madume ya ukoo mwingine kuanzia Chalinze mpaka Kibaha, miguu mizima na mgongo ulionyooka, rangi yoyote, aandike kupitia gazeti hili tubadilishane kabla mvua za masika hazijaanza maana majike yangu yatakuwa yanataga.

Mfugaji wa bata,
Mlandizi, Pwani